Sukari sio "sugar" iliyopindwa: mambo tunayoambiana huku Kisumu

Huku kwetu ukitaja sukari kila mtu ako na maoni, na si ajabu, toka Kibos upite Miwani na Chemelil mpaka Muhoroni ni miwa tu na matrekta yamejazwa mpaka mingine inaanguka barabarani. Lakini kuhusu jina lenyewe kuna mengi yanasemwa na si kweli, na mengine yanaumiza watu.

La kwanza ni ati sukari ni "sugar" ya Mzungu tuliyopinda na ulimi wetu. Hapana. Waswahili wa pwani walilitoa kwa Waarabu wanaosema sukkar, Waarabu nao wakatoa kwa Waajemi, shakar, na Waajemi wakatoa India, ambako kwa Kisanskriti ni sharkara. Mzungu pia aliazima njia hiyo hiyo. Mwingereza alilipata kwa Mfaransa, sucre, karne ya 13, na Mhispania alibeba hadi ile "al" ya Kiarabu ndio maana anasema azúcar. Yaani sukari na sugar ni ndugu, hakuna aliyezaa mwenzake.

Halafu watu wanadhani neno lilianza na maana ya utamu. Sharkara ilikuwa changarawe! Chukua punje kidogo za sukari uzisugue kwa vidole uone kama wale watu walikosea. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya 1, aliieleza kama aina ya asali iliyoganda inayopatikana kwenye matete huko India, inavunjika kwa meno kama chumvi. Wakati huo kwao ilikuwa dawa, sio kitu cha kutia kwa uji.

Wengine wanasema neno lilikuja na viwanda vya wakoloni. Miwani ndio kiwanda cha kwanza cha sukari Kenya, 1922, na Kiswahili kilikuwa na sukari kitambo sana kabla ya hapo. Muwa nao una majina yake, Wajaluo wanaita niang', Wakikuyu kĩgwa, na ukisikiza hayafanani na sukari hata kidogo.

Na sukari guru, ile ya kahawia inauzwa kwa madonge sokoni, haihusiani na guru mwalimu wa Wahindi. Hii imetoka kwa gur ya Kihindi, ambayo asili yake ni donge. Guru yule mwingine maana yake ni mzito.

Sasa lile linaloniuma. Kwa sababu mtu akiwa na kisukari tunasema "ako na sukari", watu wanaamini mgonjwa alijiletea kwa kulamba sukari. Jina la kitaalamu halitaji sukari popote, diabetes ni Kigiriki, kupita na kutokea upande wa pili, kwa vile mgonjwa anakojoa sana, na mellitus ni Kilatini, tamu kama asali. Ni kweli soda nyingi na uzito mkubwa vinaongeza hatari ya ile aina ya pili ya ugonjwa huu, lakini hata hiyo inaweza kuwa ya ukoo. Aina ya kwanza ni nyingine kabisa, kinga ya mwili inashambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwa damu, na inawapata hata watoto wadogo. Huyo mtoto anahitaji insulini kila siku ndio aishi, na mama yake hakukosea popote kwa kumnunulia peremende.