Umeme na kibofu cha mkojo baada ya kuumia uti wa mgongo

Watu wakimwona mtu kwenye kiti cha magurudumu huwazia miguu yake. Yeye mwenyewe, akikaa faragha na mtaalamu, huanza na mkojo: unavuja bila taarifa, au unagoma kutoka ilhali kibofu kimejaa. Na siku hizi swali linalofuata ni hili: eti umeme unatibu?

Jibu linategemea mahali uti ulipoumia. Kibofu huendeshwa na neva zinazotoka kwenye kituo kilicho sehemu ya chini ya uti na kupita katika mfupa mpana ulio juu ya kifandugu. Jeraha likiwa juu ya kituo hicho, kituo chenyewe hubaki hai lakini hakipokei tena amri ya ubongo. Kibofu hubana kikitaka, na msuli unaofunga mlango wa mkojo nao hubana papo hapo. Mkojo unasukumwa huku umezuiwa. Presha ikiendelea kupanda, figo huumia kimyakimya, na hilo hututia hofu kuliko nguo kulowa. Kituo chenyewe kikiwa kimeharibika, kibofu hulegea, na umeme kwa kawaida hauna neva ya kuiamsha.

Njia nyepesi huanzia mguuni. Sindano nyembamba ya kupitishia umeme huchomwa upande wa ndani wa mguu, takriban sentimita 5 juu ya kifundo, ilipo neva yenye mizizi ileile na neva za kibofu. Tunajua tumeipata pale kidole gumba cha mguu kinapojikunja, hata kama mgonjwa hasikii chochote. Kila kipindi ni dakika 30, mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Wengine hutumia vibandiko vya juu ya ngozi badala ya sindano. Njia hii hutuliza kibofu chenye fujo. Haikimwagi, kwa hiyo mwenye kutumia mpira wa mkojo ataendelea nao.

Kuna pia kifaa cha umeme kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kitako, waya wake ukikaa kando ya neva ya kibofu. Hujaribiwa kwanza kwa muda, na wanaofaidika zaidi ni wale ambao uti wao haukukatika kabisa.

Kifaa cha kukamua kibofu chenyewe kilibuniwa Uingereza na Giles Brindley miaka ya 1970. Kikwazo kilikuwa kwamba umeme uleule hubana kibofu na mlango wake kwa pamoja. Ufumbuzi ulitokana na tabia ya misuli: wa mlango hulegea mara umeme unapokatwa, wa kibofu hulegea polepole. Basi umeme hutolewa kwa sekunde chache, unakatwa, unarudishwa. Mkojo hutoka kwa mikupuo katika yale mapumziko. Ni werevu wa kupigiwa mfano, ila una gharama. Kwa kawaida mizizi ya neva inayopeleka hisia hukatwa, na mwanamume hupoteza usimamaji wa uume unaokuja kwa mguso. Lisemwe hili kabla ya upasuaji, si baada.

Usijiwekee vibandiko nyumbani bila kupimwa presha ya kibofu, hasa ukiwa na kifaa cha kuendesha moyo au ukiwa mjamzito. Aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu awe macho zaidi: kibofu kikijaa, au umeme ukimchokoza, shinikizo la damu linaweza kuruka ghafla. Dalili ni kichwa kugonga, uso kuwa mwekundu na jasho juu ya usawa wa jeraha. Zima mashine, mketishe wima, legeza nguo, kagua mpira kama umejikunja au kuziba, na kama hana mpira, kibofu kitolewe mkojo. Dalili zisipoisha mara moja, mkimbize hospitali.