Kebo kwenye SAP2000 sio boriti nyembamba

Nikitumiwa modeli ya SAP2000 (programu ya kukokotoa nguvu kwenye majengo na minara) ya mnara wa simu ule unaoshikiliwa na waya, naanza na nguvu za ndani za zile waya, na mara nyingi nakuta za upande upepo unakoelekea zimeandikwa mkandamizo. Sa waya inasukumaje jamani? Programu haina kosa, umeichora kama fremu (kipande cha boriti au nguzo) ukaipa kipenyo kidogo, basi yenyewe inajua ni boriti, inavuta na kusukuma vilevile.

Wengine huacha hiyohiyo fremu wakaweka kikomo cha mkandamizo sifuri, na hiyo inakubalika kwa waya fupi iliyokazwa vizuri, ila ukirun lodi kesi ya linia (hesabu inayochukulia majibu yanakua sawasawa na lodi) kile kikomo hakifanyi kazi kabisa na hakuna anayekupigia kelele. Lazima iwe nonlinia. Kwa waya ndefu mi natumia elementi ya kebo yenyewe kwa sababu inahesabu na lile tumbo la waya (inavyolegea katikati), na tumbo sio urembo: chukua waya ya mita 60 iliyolala, uzito 0.1 kN kwa mita, tumbo mita 0.6, mvuto wa mlalo ni wL²/8d (w uzito kwa mita, L umbali kati ya ncha, d tumbo), yaani 75 kN. Tumbo likifika mita 1.2 umebaki na 37.5 kN tu. Kwa hiyo anza na kesi ya uzito na kukaza waya, afu kesi za upepo ziendelee kutoka pale ilipoishia. Na usijumlishe majibu kwenye kombinesheni kama ulivyozoea kwenye ghorofa, zidisha lodi kwanza ndo urun kila mchanganyiko kama kesi yake, maana kwenye nonlinia moja jumlisha moja haikupi mbili.

Haya, ekisi, yaani mishale ya 1, 2 na 3 inayoonyesha kila elementi imeelekea wapi. Kebo haibebi momenti (nguvu ya kupinda), so ukiizungusha hupati tofauti ya maana, labda kama umeweka lodi kwa ekisi zake za ndani badala ya zile za dunia (X, Y na Z za modeli nzima). Shida iko kwa vyuma vya mnara. Elementi iliyosimama wima, ekisi yake ya 2 inafuata X ya dunia, programu inajipangia hivyo yenyewe. Mnara wa miguu minne ya chuma cha engo (chenye umbo la L) ukiuacha hivyo, kona zote nne za engo zinaangalia upande mmoja, wakati fundi atazifunga kila moja ikiangalia ndani! Mguu mmoja unauacha, mingine unaizungusha nyuzi 90, 180 na 270. Nguzo ya H nayo ni hivyohivyo, inakuwa ngumu kuelekea X hata kama upepo wako mkali unatoka Y, na jedwali la majibu litakuja safi tu bila onyo lolote. Washa vimshale vya ekisi pamoja na ile view inayoonyesha umbo kamili la chuma, zunguka modeli yote, ndo ubonyeze run.