Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya chipsi: injini huathirika vipi?

Mafuta yaliyokaanga chipsi hadi yakawa meusi yanaweza kuendesha injini ya dizeli. Si jambo geni: kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. La kuuliza ni yameingia kwenye tangi yakiwa katika hali gani.

Kuna wanaoyachuja kwa kitambaa na kuyamimina moja kwa moja kwenye dizeli. Hii ndiyo njia ya kuua injini. Mafuta ya kupikia ni mazito, mnato wake ukiwa karibu mara kumi ya ule wa dizeli kwenye nyuzi joto 40. Nozo, yaani vifaa vinavyonyunyizia mafuta ndani ya injini, hushindwa kuyapuliza yakawa ukungu, hivyo hutoka kwa matone makubwa yasiyoungua vizuri. Kaboni huganda kwenye ncha za nozo, ringi za pistoni hunata, na mafuta yasiyoungua huteremka hadi kwenye oili na kuiharibu. Mwanzoni gari huenda vizuri tu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mwenye matatu akifika kwa fundi wa Grogan, mtaa wa gereji hapa Nairobi, bei aliyookoa kwenye mafuta itamezwa na nozo mpya.

Biodizeli ni kitu kingine. Mafuta yaleyale huondolewa maji na makapi, kisha hupikwa na methanoli na kichocheo kama soda kostiki. Gliserini huzama, juu kunabaki kimiminika chepesi kinachokaribia dizeli. Lita 20 za biodizeli kwa 80 za dizeli ndiyo mchanganyiko uitwao B20.

Kwa B20 nguvu hupungua kidogo mno, asilimia moja au mbili. Moshi mweusi hupungua kwa kuwa biodizeli ina oksijeni ndani yake, ingawa oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moshi, huweza kupanda kidogo. Pampu ya mafuta hufaidi, maana biodizeli hulainisha kuliko dizeli yenye salfa kidogo. Ila huosha uchafu wa miaka uliolala kwenye tangi, kwa hiyo filta ya kwanza huziba mapema. Kuwa na ya akiba. Mipira ya mfumo wa mafuta kwenye gari kuukuu nayo huweza kuvimba na kuvuja.

Halafu kuna baridi ya Julai. Mafuta mengi ya kukaangia hapa Nairobi ni ya mawese, na biodizeli yake tupu huanza kuganda kwenye nyuzi kama 15, ilhali usiku wa Julai hushuka chini ya hapo. Ukiichanganya na dizeli nyingi, tatizo hupungua.