Elburgon na pengo la miaka 30

Ukiuliza Elburgon ni nini kilichoua biashara ya mbao, utajibiwa neno moja: marufuku. Jibu hilo, yaani amri za serikali za kuzuia uvunaji wa miti, lina ukweli, ila limeacha nusu ya hesabu, na nusu hiyo ndiyo itakayoamua kama mji huu utasimama tena. Mashine ya kupasua mbao hunyamaza kwa siku moja. Msitu unaoilisha huwa umeanza kupungua miaka 30 kabla, msimu ambao mche haukutiwa shimoni, au ulitiwa ukaachiwa magugu.

Elburgon iko Kenya, kwenye miteremko ya milima ya Mau, kati ya Njoro na Molo, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa, na kwa miongo mingi injini zake zilikula kuni. Waliotangulia kupasua mbao walianza na miti ya asili, hasa mtarakwa na podo. Mahali pake pakapandwa saiprasi na paini, miti ya kigeni inayokua upesi kwenye baridi hii, na mji ukajengwa juu ya miti hiyo. Tazama nyumba za zamani: kuta za mbao, ua wa mabanzi, paa la mabati. Hata jiko la mama lilitegemea masalio ya mashine.

Tuanze na tumbo la mashine. Chukua mashine ya wastani inayopasua mita za ujazo 20 za magogo kwa siku, siku 280 kwa mwaka. Hiyo ni mita za ujazo 5,600. Hekta moja ya saiprasi iliyotunzwa vizuri, ikivunwa na miaka 30, tuipe mita za ujazo 350. Basi mashine hiyo inamaliza hekta 16 kila mwaka. Ili isilale njaa, nyuma yake lazima ziwepo hekta 480: 16 zenye umri wa mwaka mmoja, 16 za miaka miwili, na kuendelea hivyo hadi 16 za miaka 30. Mashine 10 zinataka hekta 4,800 zilizopangika namna hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea wanapoutazama Mau kutoka barabarani. Msitu unaweza kuonekana kijani mpaka upeo wa macho na bado usiwe na gogo hata moja la kuuza, kwa sababu miti yote ina miaka 12.

Kumpata huyo saiprasi wa miaka 30 ni kazi ya hatua nyingi. Miche hupandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani 1,600 kwa hekta. Baadaye hupunguzwa kwa awamu, ile myembamba na iliyopinda ikitolewa, mpaka ibaki takriban miti 266 ya kuvunwa mwishoni. Katikati ya hayo kuna kupogoa, na kupogoa ndiko kunakopuuzwa zaidi. Tawi la saiprasi likifia mtini bila kukatwa, shina hulizunguka likiwa limekufa. Ukipasua ubao, fundo lile halijashikana na nyuzi zilizo kando yake. Mbao ikikauka, fundo linachomoka na kuacha tundu. Mteja wa fanicha hataitazama mara mbili.

Kazi ya miaka mitatu ya kwanza ya mti ilibebwa na mfumo wa shamba, ulioanza Kenya mwaka 1910. Bloku, yaani eneo la msitu lililopandwa kwa pamoja, ikishavunwa, familia hugawiwa kipande, husafisha matawi na vichaka, hupanda viazi, maharagwe au mahindi, kisha mvua ndefu za Machi hadi Mei zikishika, miche huingia katikati ya mazao. Mkulima anapopalilia viazi anapalilia na mti. Serikali hailipi kibarua, mkulima anapata chakula, na matawi ya miche yakianza kugusana anahamia bloku nyingine. Kwa ardhi ya Mau sijaona njia ya bei nafuu kuliko hiyo.

Mfumo huo nao uliharibika kwa namna tatu. Ya kwanza ni mahindi kupandwa karibu mno na mche, hata ukakosa jua. Ndiyo maana viazi na maharagwe hufaa zaidi. Ya pili ni mkulima asiyetaka kuhama: mti ukikua shamba linakwisha, hivyo jembe "linateleza" na kukata mizizi. Ya tatu ni msimamizi anayegawa vipande mahali ambapo hapakuvunwa, ili mradi watu wapate ardhi. Makosa hayo yalikuwepo kweli. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kuufuta mfumo wote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima walitolewa msituni. Hakukuwa na fungu la kutosha la vibarua wa kuchukua nafasi yao, na miche iliyopandwa ikamezwa na nyasi au kuliwa na mifugo. Mfumo ulirudishwa mwaka 1994 kwa masharti kwamba mkulima asiishi msituni, ukafutwa tena mwaka 2003, ukarudi kwa jina la PELIS (mpango wa kuotesha msitu huku jamii zikilima) baada ya Sheria ya Misitu ya 2005.

Sasa jumlisha 30. Mti ambao haukupona mwaka 1988 ulikuwa uvunwe 2018. Kwa ile mashine yetu, kila mwaka wa upandaji ulioshindwa ni hekta 16 zisizokuwepo na mwaka mzima bila magogo. Miaka sita ya upandaji dhaifu, kati ya 1988 na 1994, ni hekta 96. Pengo hilo lilikuwa linakuja, marufuku ziwepo au zisiwepo.

Marufuku zenyewe zikaja juu yake. Mwaka 1999 uvunaji katika misitu ya serikali ulisimamishwa kwa watu wote isipokuwa viwanda vichache vikubwa, kikiwemo Timsales cha hapa Elburgon na Pan African Paper Mills cha Webuye. Zuio hilo lilidumu zaidi ya muongo mmoja. Februari 2018 likatangazwa jingine la siku 90, likaongezwa na kuongezwa tena, hadi Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023, akiwa hapo jirani Molo, kwamba limeondolewa. Kila amri ya namna hii ina tarehe mbili. Ya kwanza ni siku inapotangazwa, mashine zinapozimwa. Ya pili iko miaka 30 mbele, kwa sababu bloku isiyovunwa haipandwi upya. Miaka ambayo msitu ulifungwa kuanzia 1999 itadai magogo yake kuanzia 2029. Ile ya 2018 hadi 2023 itadai kuanzia 2048. Sisemi kwamba kufunga msitu hakukuwa na sababu. Mito inayoanzia Mau ilikuwa inapungua na ufisadi katika ugavi wa miti ulikuwa wazi. Nasema kwamba msitu wa kupandwa ulitiwa kapu moja na msitu wa asili, na hiyo ni kosa la kitaalamu. Msitu wa asili hulindwa kwa kuachwa. Wa kupandwa, ukiachwa, unazeeka wote kwa pamoja.

Halafu kuna ardhi iliyotoka kabisa. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa katika hifadhi kwa ajili ya makazi. Ndani yake zilikuwemo bloku za miti ya kupandwa zilizokuwa zikilisha Elburgon na Njoro. Waogiek, ambao Mau ni nyumbani kwao tangu kabla ya reli, waliona ardhi hiyo ikigawiwa watu wengine; Mahakama ya Afrika iliwapa haki mwaka 2017. Kwa hesabu ya mbao, hekta iliyogeuzwa shamba la kudumu haina pengo la miaka 30, maana hairudi.

Wadudu na magonjwa nitawapitia haraka. Ukungu wa Dothistroma ulikausha majani ya paini aina ya radiata miaka ya 1960, ikabidi kuhamia patula na kuongeza saiprasi. Mwaka 1990 vidukari wa saiprasi wakaingia Kenya. Msitu wa aina mbili tu za miti hauna pa kujificha.

Upande wa mashine nao una lawama yake. Benchi nyingi za Elburgon, yaani mashine za kupasua mbao, zilitumia msumeno wa duara wenye mkato wa milimita 7 hivi. Ukipasua mbao za inchi moja, yaani milimita 25, kila mikato minne imekula milimita 28: ubao mzima umegeuka unga. Msumeno wa mkanda hukata milimita 2.5, kwa hiyo huhitaji mikato 10 kupoteza ubao mmoja. Ongeza mabanzi ya pembeni, magogo yaliyopinda na fundi asiyepanga mikato kabla ya kuwasha, na benchi la kawaida hutoa asilimia 30 tu ya gogo kama mbao. Mita moja ya ujazo ya magogo kwa kiwango hicho inatoa futi 190 hivi za mbao za inchi 4 kwa 2. Kwa asilimia 50, ambayo msumeno wa mkanda mzuri hufikia, ni futi 318. Tofauti hiyo ya futi 128 ndiyo ingelipa mishahara miti ilipopungua. Miti ilipokuwa rahisi hakuna aliyeona haja ya kubadilisha mashine. Ilipokuwa ghali, pesa za kubadilisha hazikuwepo tena.

Na mashine iliyozimwa haikusubiri. Vumbi la mbao hunyonya unyevu, na likikaa kwenye beringi na shafti linakula chuma kama kidonda. Mabomba ya boila yakiachwa na maji nusu hutoboka. Koili za mota hunyonya unyevu wa hewa ya Elburgon, na anayeiwasha baada ya miaka mitano bila kupima kwanza kama kihami cha waya bado kinazuia umeme huweza kuichoma palepale. Lakini chombo kigumu zaidi kurudisha ni fundi wa misumeno. Sahani ya duara si kunoa meno tu. Lazima igongwe kwa nyundo hadi katikati yake iwe na ulegevu unaofaa, ili ikizunguka na kupata joto inyooke. Ikigongwa vibaya inatembea kama nyoka ndani ya gogo, na mbao inatoka nene upande huu, nyembamba upande ule. Fundi wa namna hiyo hufunzwa kwa miaka akiwa kando ya fundi mwingine. Mashine zilipozimwa, mafundi walihamia Nakuru na Nairobi kuchomelea mageti.

Benchi moja lilishika watu sita hadi 10: wa kuviringisha magogo, wa kusukuma, wa kupokea, wa kupanga, na wapakiaji. Nyuma yao walikuwa wenye trekta, wauza mabanzi ya kuni, wafuga kuku wanaotaka maranda, mama wa chai. Mwenye mashine aliyetanguliza pesa kwa miti iliyosimama msituni aliona miti inakwama. Mkopo wake benki haukukwama.

Ndani ya msitu uliofungwa, miti iliyopita umri iliendelea kusimama. Saiprasi wa miaka 45 huonekana utajiri, ila huenda kiini kimeanza kuoza. Njia ya haraka ya kujua ni kupiga shina kwa kisogo cha shoka kuanzia chini hadi usawa wa kifua: mlio wa ngoma maana yake uwazi. Gogo la namna hiyo hupimwa kwa kipenyo kizima, hulipiwa kizima, na katikati yake hutoa kuni. Paini naye akiangushwa na upepo wakati wa mvua, wiki mbili au tatu zinatosha ukungu wa buluu kuingia. Nguvu ya mbao haipungui sana, bei inapungua.

Sokoni pengo lilizibwa na wengine. Malori yalileta paini ya Tanzania, kutoka Sao Hill na Mufindi, na wakulima wakauza miti ya mashambani. Mti wa shambani hukatwa mchanga, miaka 12 au 15, haukupogolewa, na karibu shina lote ni mti wa ujana unaojipinda unapokauka. Ndiyo maana dari nyingi zilizopigwa miaka hiyo zimejikunja.

Sasa msumeno umeruhusiwa, kishawishi kikubwa ni kuvuna mingi kwa mara moja ili kulipa madeni. Mpangilio unaofaa uvune kwanza ile iliyopita umri, bloku kwa bloku, na kila bloku iwe imesafishwa kabla ya mwisho wa Februari ili miche iwahi mvua. Bloku iliyovunwa Juni na kusafishwa Aprili imepoteza mwaka mzima.

Na kwa chama cha jamii cha msitu kinachosimamia PELIS: msiridhike na orodha ya miche iliyotolewa kitaluni. Miezi mitatu baada ya kupanda, tembeeni mistari 10, mashimo 10 kila mstari. Shika kila mche shingoni, uvute taratibu. Ulionyauka ilhali udongo una maji, ukang'oka bila kushikilia, mzizi wake umekatwa. Hesabu walio hai katika mashimo 100. Wakiwa chini ya 80, miche ya kujazia iingie mvua ikiwa bado ipo, au mwaka unaofuata ukichelewa sana. Unaojazwa mwaka wa tatu hufunikwa na wenzake na kubaki fito.