Mkojo Unaogeuka Mweusi Baada ya Kukaa: Maelezo kutoka Maabara

Kila inapofika kampeni ya magonjwa adimu, mwishoni mwa Februari, maswali kuhusu mkojo mweusi huongezeka. Mengi huja na majibu yake kabisa: figo zimechafuka, mtu kalishwa kitu, hanywi maji. Kabla ya yote hayo, tunaomba muangalie mkojo ulitoka na rangi gani. Uliotoka tayari ukiwa mwekundu au wa kahawia ni suala jingine, mwone daktari siku hiyohiyo. Tunaouzungumzia hapa hutoka na rangi ya kawaida, kisha huwa mweusi ukikaa wazi kwa saa kadhaa; ni dalili ya ugonjwa adimu uitwao alkaptonuria.

Kinachougeuza ni asidi ya homojentisiki, asidi ya kifenoli ambayo kila mwili huitengeneza. Fenilalanini, asidi amino inayotokana na protini, hugeuzwa kuwa tirosini, asidi amino nyingine, na tirosini ikivunjwa kwenye ini hupitia hatua ya asidi hii. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini) kiitwacho HGD huipasua pete yake, na mwishowe hubaki fumareti na asetoasetati, ambavyo mwili huvitumia kupata nishati. Kwa mwenye alkaptonuria kimeng'enya hicho hakifanyi kazi, hivyo gramu kadhaa za asidi hutoka na mkojo kila siku. Mimea huitumia asidi hiihii kutengeneza vitamini E; si sumu iliyoingia kutoka nje, kwa hiyo wanaouza dawa za "kusafisha sumu" watafute maelezo mengine.

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Daktari Mwingereza Archibald Garrod alieleza hivyo mwaka 1902, lakini bado tunaulizwa kama unaambukiza kwa choo. Hauambukizi. Wazazi wote wawili wakibeba jeni yenye hitilafu, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa, hata kama wao hawana dalili yoyote.

Mkojo wenyewe haumdhuru mtu. Kinachodhuru ni asidi inayobaki mwilini: hugeuka rangi nyeusi, hujipachika kwenye gegedu, tishu inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, na kuifanya ikakamae na kumomonyoka. Maumivu ya mgongo huanza mara nyingi katika miaka ya thelathini, kisha magoti na nyonga. Masikio yanaweza kuwa na rangi ya buluu, weupe wa macho ukapata madoa, na baadaye vali za moyo zikaathirika. Ndiyo maana nepi yenye doa jeusi isitupwe tu na kusahauliwa.

Sasa sampuli, maana hapa ndipo wengi hukwama. Ili kupima asidi hii tunahitaji mkojo wa saa 24. Ukiamka, mkojo wa kwanza mwaga na uandike saa. Kuanzia hapo kusanya wote, mchana na usiku, pamoja na wa kwanza wa kesho yake kwa saa ileile. Chombo tunachotoa kina asidi ya kuhifadhi: usikojoe ndani yake moja kwa moja, tumia kikombe kisha mimina taratibu. Kiweke mahali pa baridi. Ukikosa kuweka hata mkojo mmoja, sema. Tutakupa chombo kingine uanze upya. Chombo kisicho na jina na saa hakipokelewi, na kubishana dirishani hakubadilishi hilo.

Jambo moja zaidi: kipimo cha zamani cha sukari kinachotumia kemikali ya Benedict hudanganywa na asidi ya homojentisiki. Wapo walioambiwa wana kisukari kwa sababu hiyo.

Dawa ipo. Nitisinoni huzuia kimeng'enya cha hatua inayotangulia kutengenezwa kwa asidi hiyo, na Ulaya iliidhinishwa kwa watu wazima wenye alkaptonuria mwaka 2020. Lakini hupandisha tirosini kwenye damu, ambayo inaweza kuumiza konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho), kwa hiyo hutolewa na daktari, kwa kupima damu, kukagua macho na kudhibiti protini kwenye chakula. Vitamini C haijathibitika kuwa mbadala wake. Majibu ya kipimo hupelekwa kwa daktari aliyejaza fomu. Hatuyatoi kwa simu.