Bandari gani itapata shaba? Dhana potofu kuhusu ushindani wa bandari

Lori la shaba kutoka Lubumbashi, Kongo, likionekana Uyole, Mbeya, uamuzi umeshapita. Mzigo huo ungeweza kwenda Durban (Afrika Kusini), Beira (Msumbiji), Walvis Bay (Namibia) au Lobito (Angola), lakini unashuka Dar es Salaam. Nadharia ya michezo huchunguza maamuzi ya aina hii, ambapo faida ya kila bandari inategemea pia hatua za wenzake. Wanaoitumia huteleza mahali pale pale.

Dhana: bandari yenye tozo ndogo ndiyo inayopata mzigo

Mwenye mzigo haangalii risiti ya bandarini peke yake. Anajumlisha tozo ya bandari, nauli ya lori au treni, na gharama ya muda. Chukua kontena lenye mali ya dola 40,000 iliyonunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka: kila siku ya kusubiri inakula dola 16 na ushee. Foleni ya siku tatu mpakani Tunduma inameza dola 49. Bandari iliyopunguza tozo kwa dola 50 imebaki na mvuto wa dola moja, kabla hata mwenye lori hajadai malipo ya gari lililosimama. Jedwali la mchezo (linaloonyesha kila uamuzi na faida yake) lenye tozo za bandari tu halimwelezi mteja yeyote wa kweli.

Dhana: vita ya bei haikwepeki

Haikwepeki kama mchezo unachezwa mara moja. Tuseme, kwa mfano wa darasani, bandari mbili zikishikilia bei kila moja inapata faida ya 10. Moja ikishusha peke yake inapata 14 na nyingine 4. Zikishusha zote, kila moja inapata 7. Kushusha kunalipa vyovyote mwenzako atakavyofanya: 14 inazidi 10, na 7 inazidi 4. Huo ndio msawazo wa Nash: hali ambayo hakuna anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake.

Lakini bandari hukutana kila mwaka. Ikijulikana kwamba atakayeshusha atajibiwa kwa bei ya chini miaka yote inayofuata, kushikilia bei kunalipa mradi shilingi ya mwakani inathaminiwa angalau senti 57 za leo (4/7). Kinachovuruga utulivu huo mara nyingi ni punguzo la siri kwa kampuni kubwa ya meli, maana usichokiona huwezi kukijibu. Na bandari iliyojaa, isiyo na gati wala kreni ya ziada, haina sababu ya kushusha bei ili ivute mzigo ambao haitaweza kuupakua. Utulivu huu, tukiri, si habari njema kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi: faida ya ziada inatoka mfukoni mwake.

Dhana: kila mwenye kipande cha njia ajipangie tozo yake, wote watanufaika

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, na ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapoguswa zaidi. Dar es Salaam na Beira zinashindana. Dar es Salaam na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hazishindani. Reli hiyo ya kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, inayopita Makambako na Mbeya, inahitaji gati kama gati linavyoihitaji reli. Mwanauchumi Mfaransa Antoine Augustin Cournot alilichambua tatizo hili la wamiliki wa vipande vinavyotegemeana mwaka 1838, tena kwa mfano wa shaba na zinki zinazouzwa na wamiliki wawili kwa mtu anayezihitaji zote.

Tuseme idadi ya kontena ni 120 ukitoa jumla ya tozo (kila tozo ikipanda kwa moja, kontena moja linapotea), na gharama za uendeshaji ni sifuri. Mmiliki mmoja wa njia nzima ataweka tozo 60, apate kontena 60 na mapato 3,600. Wamiliki wawili wanaojipangia wataweka 40 kila mmoja: jumla 80, kontena 40, mapato ya wote 3,200. Wakiwa watatu, kila mmoja ataweka 30: jumla 90, kontena 30, mapato 2,700. Mteja analipa zaidi na wenye njia wanapata pungufu, kwa sababu kila anayepandisha tozo anafukuza pia mzigo wa wenzake, na hasara hiyo haimo kwenye vitabu vyake. Nauli moja ya njia nzima, inayokubaliwa kwanza na kugawanywa baadaye, inaondoa tatizo.

Dhana: kugawana ni nusu kwa nusu

Mwanahisabati Mmarekani Lloyd Shapley alitoa kanuni nyingine mwaka 1953: kila mshirika apate wastani wa kile anachoongeza akijiunga. Kama mmoja peke yake angepata 10, mwingine 6, na pamoja wanapata 20, mgawo ni 12 na 8: wa kwanza anaongeza 10 akitangulia na 14 akifuata, wastani 12. Ukilazimisha 10 kwa 10, wa kwanza hana sababu ya kubaki.

Dhana: Dar es Salaam na Mtwara ni mahasimu

Zote ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, kwa hiyo kuziandika kama wachezaji wawili huru ni kosa. Tofautisha mwenye bandari na mwendeshaji wa gati: mwaka 2023 DP World ilipewa mkataba wa gati namba 4 hadi 7 za Dar es Salaam. Mwenye bandari anatangulia kuweka masharti ya kodi ya pango na uwekezaji, mwendeshaji anafuata na bei zake. Ukianza kukokotoa, anza na huyo wa pili, kisha rudi kwa wa kwanza, maana wa kwanza hupanga akitazamia jibu la wa pili.