Ukubwa wa bloku katika hifadhi inayogawiwa kwa ahadi

Mpishi wa biriani ya harusi pale Majengo hapikii kila kadi iliyotawanywa. Anajua wangapi hufika kweli. Seva nyingi hugawa diski vivyo hivyo. Wakala wa forodha wa Moi Avenue mwenye terabaiti 1 anaweza kuahidi makontena kumi ya programu gigabaiti 200 kila moja, na nafasi halisi ikatwe tu pale kontena linapoandika. Bloku ndicho kipande kidogo kabisa ambacho hifadhi hiyo hukubali kukata.

Hesabu huwa kali ukianza kuchukua snapshoti, yaani taswira ya kontena kama lilivyo wakati huo. Snapshoti hainakili data, hutumia bloku zilezile za kontena. Kontena likitaka kubadilisha bloku ya pamoja, bloku nzima hunakiliwa kwanza, hata kama kilichobadilika ni kilobaiti 4. Tuseme hifadhidata ya mizigo imegusa sehemu 2,000 zilizotawanyika, kilobaiti 4 kila moja. Mabadiliko yenyewe ni megabaiti 8. Kwa bloku za kilobaiti 64, diski italipa megabaiti 128 hivi. Kwa bloku za megabaiti 1, gigabaiti 2. Na ukichukua snapshoti kila saa, deni huanza upya kila saa.

Mbona basi tusichague ndogo daima? Kwa sababu kila bloku lazima iandikwe kwenye metadata, daftari la hifadhi linaloonyesha bloku ipi ni ya nani. Terabaiti 1 kwa kilobaiti 64 ni bloku milioni 16 hivi. Kwa 512 ni milioni 2. Metadata ikijaa ni balaa, na wengi hutazama Data% kwenye lvs, amri ya Linux inayoonyesha hali ya hifadhi, wakaipita Meta% iliyo kando yake.

LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski, huruhusu kilobaiti 64 hadi gigabaiti 1, na hifadhi ikishaundwa ukubwa huo haubadiliki. Usiiache ikuchagulie: diski ikiwa kubwa, huweza kupandisha bloku ili metadata isivimbe. Kwenye ZFS, mfumo mwingine wa hifadhi, volblocksize (ukubwa wa bloku za diski pepe) ya kawaida ilikuwa kilobaiti 8, ikawa 16 kuanzia OpenZFS 2.2 ya 2023, nayo haibadiliki diski pepe ikishaundwa. Recordsize (ukubwa wa juu wa bloku za faili) hubadilika, ila faili za zamani hubaki zilivyo.

Mimi ningeanza na 64 kwa hifadhidata zenye snapshoti nyingi, na 512 kwa skani za hati za mizigo, ambazo huandikwa mara moja zikaachwa. Kisha fstrim, amri inayoiambia hifadhi nafasi ipi imeachwa, iendeshwe kwa ratiba, maana kufuta faili tu ndani ya kontena aghalabu hakurudishi nafasi. Hata hiyo fstrim hurudisha tu bloku iliyo tupu yote. Ikisalia faili moja ndogo ndani yake, bloku nzima inaendelea kuhesabiwa.